Mkasi wa Columbus, mdomo wa Marikiti

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi hapa Columbus, Ohio, natoka zamu ya usiku, macho yamejaa mchanga. Mbele yangu kizee cha kizungu, na mkononi mwake bahasha. Nilipoiona ile bahasha nikajua nimekwisha. Alizitoa kuponi moja moja, akazinyoosha kwa ukucha juu ya kaunta, keshia akazipitisha kwenye mashine, tii, tii, tii, mpaka ikafika ya chakula cha paka, mashine ikakataa. Muda wake ulikwisha Ijumaa. Bibi akavaa miwani akaisoma tarehe. Akampa keshia naye asome. Keshia akamwita msimamizi, msimamizi akaisoma. Watu wazima watatu wanajadili senti 75, nami nimekumbatia galoni ya maziwa inayotoka jasho.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana mkobani mwangu mlikuwa na bahasha kama yake.

Haya, nimesema. Nakata kuponi. Mtoto wa Majengo, Mombasa, niliyelelewa na mama ambaye hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu azaliwe, Jumapili nakaa mezani na gazeti na mkasi kama mtoto wa chekechea. Siri hii ilifichuka mwaka jana. Binamu yangu alinipigia video, nikasahau kuinua simu, akaiona meza. Kufika magharibi ukoo mzima ulikuwa na habari. "Yaani umevuka bahari kwenda kukata magazeti?" Khalati yangu alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu za kicheko na moja ya dua.

Basi niseme lile ninalotaka kusema, mkimaliza kucheka.

Kwanza mjue kitu chenyewe. Kampuni ya sabuni inachapisha kikaratasi: ukinunua sabuni yetu, toa dola moja na nusu kwenye bei. Zamani vingi vilikuja na gazeti la Jumapili, siku hizi vingi viko kwenye simu. Duka linakupunguzia, kisha linakusanya vile vikaratasi na kuvirudisha kwa mwenye sabuni, nalo linalipwa fedha yake pamoja na senti chache za usumbufu. Mchezo huu ni wa kale. Mwisho wa karne ya 19 Coca-Cola walikuwa wakigawa tikiti za glasi ya bure ili watu wauonje mdomoni utamu wasioujua. Pembeni ya kuponi nyingi kuna maandishi madogo, madogo hasa, yanayosema thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti. Yaani ukizikusanya mia unapata senti moja. Mara ya kwanza niliposoma nilidhani macho yananidanganya. Wallahi hata ganda la muhogo lina thamani zaidi, mbuzi atalila.

Je, inalipa? Nilifungua daftari, nikaandika mwezi mzima kama muuza duka. Nilipunguziwa dola 31. Nikafurahi kama usiku mmoja hivi. Halafu nikarudi kwenye daftari na roho safi, nikapiga mstari juu ya kila kitu ambacho bila kuponi nisingekinunua: biskuti za mdalasini, sabuni ya kufulia yenye harufu ya mlima (mlima unanukia vipi?), na dawa za meno. Zikabaki dola 19. Kukata, kupanga, kutafuta na kusoma tarehe kulikula kama saa nne. Mshahara wa chini wa Ohio unazidi dola 10 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe.

Zile dawa za meno zilikuwa kumi na moja. Nunua tatu upunguziwe, nikanunua, nikapunguziwa, nikarudi. Disemba nikazitia kwenye sanduku, nikaja nazo Mombasa. Mnaijua sura ya mtu aliyesubiri manukato ya Marekani akapewa dawa ya meno? Mimi naijua, nimeiona mara kumi na moja.

Kwa hiyo mnaoniona bahili, tulieni, nami najiona. Nimebakisha kuponi za vitu vya lazima tu, sabuni, kahawa, vitambaa vya jikoni, dakika kumi kwa wiki, basi. Tena kuponi ni za vitu vya maboksi. Sijawahi kuona kuponi ya muhogo. Hakuna ya tungule, hakuna ya mchicha, na samaki hata usiulize. Mwenye muhogo hana kampuni ya kumchapishia karatasi. Ukiifuata kuponi kwa uaminifu utakula sukari na chumvi kutoka Januari mpaka Januari, na kila risiti itakupongeza kwa kuokoa.

Na risiti zenyewe! Kuna duka la dawa hapa, sitalitaja, unanunua kidonge cha kichwa unapewa risiti ndefu kama leso, imejaa kuponi. Nimewahi kujifunga kiunoni nikampigia mama picha. Akauliza, "Na jina lake limeandikwa wapi?"

Sasa twende kwetu.

Disemba hiyo hiyo nilimfuata mama sokoni Marikiti. Fungu la tungule lilikuwa shilingi hamsini. Mama hakuuliza bei. Aliuliza mke wa muuzaji amejifungua salama, mtoto anaitwa nani, ananyonya vizuri. Huku anauliza, mkono wake umeshaichukua tungule ya juu ya fungu, ameigeuza, amekiona kidonda chake, amekigusa kwa kidole gumba. "Hii nayo waniuzia mimi?" Kijana akacheka. "Mama, kwako nitaweza?" Akaongeza tungule mbili. Mama kasimama. Akaongeza pilipili tatu. Mama bado kasimama, anatazama upande wa viungo kama mtu aliyeishiwa na haja. Kijana akavuta kicha cha dania akakitumbukiza kikapuni. Ndipo mkoba ukafunguliwa.

Hiyo ndiyo kuponi yetu. Haina tarehe ya mwisho na haikatwi kwa mkasi. Tunaiita nyongeza, na mtu anayenunua fungu akaondoka bila nyongeza tunamwona hakulelewa.

Nilijawa na fahari pale, nikataka kuwaita wale watatu wa Columbus waje waone. Fahari ilidumu mpaka kesho yake. Nilikwenda peke yangu, kwa kijana yule yule, fungu lile lile. Themanini! Nikamuuliza hali ya mtoto, akasema hajambo, na bei ikabaki themanini. Sijui ni viatu, sijui ni ile miwani ya jua, sijui ni namna nilivyosimama. Kuna kitu kilimwambia kwamba huyu ametoka nje. Nikaanza kuvutana naye kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, akanijibu kwa upole, "Dada, nyinyi mna dola."

Hapo ndipo nawaambia mnaonicheka: kuponi haitazami viatu. Kile kizee cha kizungu na mimi, mwenye ngozi yangu, mtandio wangu na lafudhi yangu, kuponi ya sabuni inatupunguzia dola moja na nusu wote sawa. Siku ya kwanza Columbus, sina rafiki, sina jamaa, sijui hata basi linasimama wapi, karatasi ilinipunguzia bei bila kuniuliza mimi ni wa nani. Kwetu bei ina ukoo. Mgeni hulipa ugeni wake.

Najua kuna atakayesema, "Ameanza. Wakikaa huko miaka miwili mitatu, kila cha kwetu kibaya." Ngoja, sijamaliza kukitukana cha huku. Kuponi za simu ni hadithi nyingine. Programu ya duka inajua ninachonunua kila wiki, na ofa zangu hazifanani na za jirani yangu. Nikiacha kahawa wiki mbili, ya tatu inanitumia kuponi ya kahawa kama mchumba aliyekosa. Kwa hiyo mashine nayo imeanza kunitazama viatu. Tofauti ni kwamba kijana wa Marikiti nilimwona akinitazama.

Mwingine atasema kwamba hao Wazungu wangeandika bei moja ya haki, wakaacha mambo ya vikaratasi. Walijaribu. Mwaka 2011 JCPenney, duka kubwa la nguo, lilimleta mkurugenzi kutoka Apple, Ron Johnson, na 2012 akafuta kuponi karibu zote na kuweka bei ya chini ya kila siku. Wateja wakakimbia. Mauzo ya mwaka huo yalishuka kwa robo nzima, na Aprili 2013 akaondolewa. Nilipoisoma habari hii nikamkumbuka muuza leso mmoja tulipokuwa wadogo, aliyebandika bei na kukataa kupunguza hata shilingi. Bei yake ilikuwa nzuri, kila mtu alijua. Mama aliingia mara moja, akatoka na sura ya mtu aliyetukanwa, akaenda kwa wa pili akalipa zaidi baada ya kushushiwa. Alirudi nyumbani ameshinda. Kumbe Mmarekani na mama yangu ni ndugu. Wote wawili wanataka kushinda kwanza, fedha baadaye.

Lakini kuna jambo linaloniuma kweli, na hili si la kuchekea.

Nyumbani twanunua kidogo kidogo, mafuta ya kupima, majani ya kumi, sabuni ya kipande. Hamhitaji mimi niwaambie kwamba mwenye kupima hulipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba mtungi. Nikadhani nimeliacha hilo Majengo. Kuponi inasema nunua tatu, nunua tano. Ya tano utaiweka wapi? Inataka gari, kabati, friza, na simu yenye bando. Ninapofanya kazi kuna mama wa Kikongo, anapanda basi kwenye theluji na watoto wawili, karatasi ya msalani anainunua roli moja moja pale kituo cha petroli. Huyo ndiye aliyehitaji dola moja na nusu. Kuponi haimjui. Marekani nako kuna kupima, ila hakuna jina lake.

Na angalau kwetu yule wa kupima ana daftari la dukani. "Niandikie mpaka mwisho wa mwezi." Nawasikia wenye maduka wakipiga kelele, kukopa harusi kulipa matanga, najua, babangu alikuwa na duka na lilikufa kwa daftari. Lakini hapa nikifika kaunta nimepungukiwa senti 40, kitu kinarudi rafuni. Keshia ni mtu mzuri, ananipenda, ananiita mpenzi kama anavyomwita kila mtu. Kitu kinarudi rafuni.

Basi msiniletee habari za kwamba kwetu tungekuwa na kuponi tungeendelea. Tumekuwa nazo. Unga wa ruzuku wa shilingi tisini wa 2017 ulikuwa nini? Unga wa mia wa 2022? Kila uchaguzi ukikaribia tunapewa ofa ya serikali, ukifika dukani rafu ni nyeupe. Na mama alikuwa na kadi ya pointi ya supamaketi moja aliyoitunza miaka, anasema nikifikisha elfu tano nachukua sufuria. Supamaketi ikafunga milango na sufuria ikiwa ndani. Kadi bado iko kwenye pochi yake, pamoja na kitambulisho. Nilimwambia aitupe. Akasema huwezi kujua.

Kwa hiyo sijui mnaniita mwenye kiburi kwa lipi. Huku nakata karatasi kwa sababu sina mdomo, huko nina mdomo lakini wamenitoza dola. Nimebaki katikati na mkasi.

Jana nilimpigia mama nikamweleza kisa cha bibi na paka. Alicheka, halafu akanyamaza, nikamsikia anafikiri.

"Hiyo dola moja na nusu ya sabuni, ni shilingi ngapi za huku?"

Nikamwambia kama mia na tisini hivi.

"Hizo si nazi tatu?"

"Tatu, au nne ukinunua wewe."

"Basi kata, mwanangu," akasema. "Lakini dawa ya meno usilete tena."