Mtembezaji wa nini, na mimi najua Kiswahili?

Mtu wa Dar akishuka boti bandarini Malindi, Unguja, cha kwanza anachokataa ni mtembezaji wa wageni. Mapapasi, wale vijana wanaowinda wageni mitaani, wanamwandama tangu getini, naye anawajibu kwamba yeye si mtalii. Unguja ni kwao, Kiswahili anakijua, na Mji Mkongwe wenyewe ni mdogo: ukipotea vichochoroni unauliza, na ukizidi kutembea utatokea ama baharini ama Darajani. Watembezaji ni wa Wazungu.

Hoja hiyo ina ukweli wake. Papasi asiye na leseni anategemea kamisheni, kwa hiyo ziara yake huishia kwenye duka la vinyago. Hata miongoni mwa wenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii wapo waliokariri njia moja tu: Ngome Kongwe, nyumba ya mwanamuziki Freddie Mercury, soko la watumwa, kwaheri. Na kupotea kuna raha yake. Kukaa Jaws Corner na kikombe cha kahawa chungu, ukisikiliza wazee wakibishana siasa, hakuhitaji mtu wa kukufasiria.

Lakini kuuliza njia ni jambo moja, kuuliza jumba ni jambo jingine. Ukitoka bandarini kuelekea Forodhani unapita mbele ya Old Dispensary, jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Wengi hulipiga picha wakasonga mbele. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, ndiye aliyelianzisha mwaka 1887 kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria. Alifariki 1891 kabla halijakamilika, baadaye likawa zahanati. Humo mna Uhindi, Uingereza na Usultani pamoja. Ukilipita kimyakimya, umeona mbao.

Mfano unaonikera zaidi uko Shangani. Nyumba ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, haikuwa makumbusho. Kwa miaka mingi imekuwa makazi ya familia za kawaida. Huyu ndiye mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake ilipita Tabora na Ujiji hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Mnyamwezi, Mmanyema au Mkongomani akisimama mbele ya mlango ule, historia inayozungumzwa ni ya babu zake kuliko ya Mzungu yeyote. Ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kusimuliwa, na ndiye anayepita bila kujua amepita wapi. Tena ni nyumba ya watu. Mtembezaji mwenyeji anajua kama leo inafaa kupiga hodi au kusimama nje tu. Anayejitembeza huchungulia mlangoni, kisha anashangaa kwa nini amekaripiwa.

Halafu kuna Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Mnara ule nao ulikuwa na kisa chake, kwani uliunganishwa na jumba baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Kipande cha jengo kikianguka, anayepita barabarani hana tena cha kukisoma kwa macho. Anabaki na masimulizi ya anayekikumbuka.

Gharama? Kwa familia ya watoto watatu ni mzigo, sikatai. Ila wengi wanaoulalamikia hawaoni tabu kulipia pweza na urojo jioni ileile, Forodhani.

Ukiamua kumchukua, mwombe kitambulisho na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Mwambie Freddie Mercury unamfahamu tayari. Aanzie Malindi, kwenye msikiti wenye mnara uliochongoka, mkatishe Kiponda hadi hekalu la Wahindu pale Hurumzi, ndipo mteremke Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Ijumaa msipange saa sita hadi saa nane mchana, maana na yeye atakwenda kuswali.