Mbunge Anayepinga Chama Chake: Mwasi au Mrengo?

Kundi la M23 lilipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, wasomaji wa habari hapa Nairobi waliwaita wapiganaji hao waasi. Vyombo hivyohivyo vilikuwa vimeshazoea kulitumia neno hilo kwa wabunge wa ODM, chama kilichokuwa upinzani, waliokwenda Ikulu Februari 2023 kumwona Rais Ruto, akiwemo Jalang'o wa Lang'ata. Mmoja ana bunduki, mwingine kapiga picha ya pamoja akinywa chai, na jina lao ni moja.

Wanaolitetea neno hili hawabahatishi. Kuasi hakujawahi kuhitaji silaha: mtoto huasi wazazi, muumini humwasi Mungu. Isitoshe, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama ana deni. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinamvua kiti mbunge anayekihama chama chake, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamhesabu kuwa amejiuzulu mwanachama anayekipigia debe chama kingine. Mawazo hayo ni ya tangu 1966, chama tawala KANU kilipobadilisha Katiba ili wabunge waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU warudi kwa wapiga kura.

Hata hivyo, mimi naona neno hili lina mwenyewe. Mtu huwa mwasi mbele ya mwenye mamlaka, kwa hiyo mhariri anapoliandika ameshakubali kwamba chama ni wale walioshika makao makuu. Kumbe makao makuu nayo hugeuka. ODM iliamua Septemba 2023 kuwafukuza baadhi ya wabunge wake kwa kushirikiana na serikali. Machi 7, 2025, Raila Odinga mwenyewe, kiongozi wa ODM, akatia saini makubaliano na Ruto pale ukumbi wa mikutano wa KICC. Edwin Sifuna, seneta wa Nairobi aliyekuwa katibu mkuu, alipoukosoa ushirikiano huo, baadhi ya wenzake wakamtaka ajiuzulu. Msimamo wa upinzani aliokuwa akiutetea jana ndio uliomtia lawamani.

Chama cha Jubilee kilituonyesha njia nyingine kilipokuwa madarakani. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulalamika kwamba naibu wake, Ruto, anatangatanga, kundi la Ruto likaitwa Tangatanga na wapinzani wao Kieleweke. Magazeti yakaandika "mrengo wa Tangatanga", na msomaji akaelewa kuna pande mbili zinazogombania chama kimoja. Mei 2020 Kipchumba Murkomen wa Tangatanga akang'olewa uongozi wa walio wengi katika Seneti. Miaka miwili baadaye Tangatanga wakaingia Ikulu kupitia chama cha UDA.

Lakini mrengo nao unaweza kuwapamba wasiostahili. Wabunge watatu wanaotafuta barabara na vyeo, bila sera wala kiongozi, si mrengo wa chochote. Hapo bora kusema walichofanya: "wabunge wa ODM wanaounga mkono serikali". Kichwa cha habari kitarefuka, sawa, ila msomaji atajua jambo lenyewe badala ya kupewa hukumu.

Na neno waasi? Tulitumie penye amri iliyovunjwa waziwazi. Azimio, muungano wa upinzani uliokuwa na ODM ndani yake, uliupinga Mswada wa Fedha wa 2023, na wapo wabunge wake walioupigia kura ya ndiyo. Kura hiyo imo katika kumbukumbu za Bunge, na anayemwita mwasi aliyeipiga ana cha kuonyesha. Kwenda Ikulu peke yake hakutoshi.