Kubadili mji mmoja tu, saa mbili kwenye simu

Tiketi ya kuzunguka dunia, inayotumika kwenye mashirika kadhaa ya ndege yanayoshirikiana, hukupa hadi safari 16 za ndege ndani ya mwaka mmoja, mradi uelekee upande mmoja na uvuke Atlantiki na Pasifiki. Masharti hayo niliyakubali. Kinachoniudhi ni mabadiliko. Tarehe mara nyingi hubadilishwa bure, lakini gusa mji mmoja tu, tiketi nzima inapigiwa hesabu upya, na ada juu yake. Shirika ninalosafiri nalo linanirudisha kwa lililonikatia tiketi. Nalo linadai nafasi iko mikononi mwa mwenzake. Saa mbili nimeshika simu! Na ole wako ukose ndege moja bila taarifa: zote zilizobaki zinaweza kufutwa. Hela yote nililipa mapema. Kwa nini nirushwe huku na huko?