Utafiti wa UNILU: deni kwa watahini au kwa mama wa lengalenga?

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, hutetea mémoire zao (tasnifu za kumaliza masomo) kwa Kifaransa mbele ya watahini, kisha kazi hizo huingia maktabani. Wapo wanaodai kwamba kazi hizo hazina faida kwa jiji mpaka zirudishwe kwa wakazi kwa Kiswahili. Wapo pia wanaojibu kwamba chuo si redio ya mtaa. Nadhani kila upande umeshika nusu ya jambo.

Tuanze na wale wa pili, kwa sababu hoja yao hudharauliwa upesi. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga, eneo la migodi lenye jiji la Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo: walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, hasa watoto. Makala yalitoka kwa Kiingereza. Je, yangekuwa na nguvu ileile kama yangesomwa tu mkutanoni Katuba, moja ya mitaa ya jiji? Sidhani. Mkazi anayelalamikia vumbi hupuuzwa kwa urahisi, lakini namba zilizopimwa maabarani na kupita mikononi mwa wahakiki wa jarida, kampuni ya madini hulazimika kuzijibu.

Hata hivyo, hoja hiyo inaishia pale mtafiti anapomwona mkazi kuwa chupa ya sampuli tu. Dohani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, ilitupa moshi wake kufuata upepo utokao kusini-mashariki, na ndiyo maana udongo wa mtaa wa Penga Penga, upande wa kaskazini-magharibi, ulijaa shaba na metali nyingine. Wataalamu wa kilimo wa UNILU wamejaribu huko nyasi ya Microchloa kunthii, inayovumilia shaba, ili kulituliza vumbi lisipeperuke. Ni kazi nzuri. Lakini mama anayelima lengalenga (mchicha) karibu na hapo ana swali lake: nioshe, nihame au niache kuuza?

Hapa ndipo ugumu ulipo, na wanaotaka kila mémoire itangazwe hawapendi kuuzungumzia. Kuosha majani huondoa vumbi lililotua juu yake. Hakuondoi metali iliyokwisha kupanda kupitia mizizi. Sasa mwanafunzi aliyepima bustani chache, katika msimu mmoja, akitangaza sokoni kwamba mboga za mtaa fulani zina sumu, wanawake wa mtaa huo watakosa wateja siku hiyohiyo, na akigundua baadaye kwamba alikosea kipimo, hakuna atakayewarudishia hasara yao. Kunyamaza nako kuna gharama, ila gharama hiyo hulipwa na watoto, polepole, bila mtu kuiona.

Kisingizio kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi nakiweka kando. Katika jiji lililokaa kwenye migodi na viwanda zaidi ya miaka mia moja, watu huzungumzia kobalti na asidi mezani. Isitoshe, wanahistoria wa chuo hichohicho, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi (yaani Kumbukumbu za Lubumbashi), waliwasikiliza wazee na wafanyakazi wakisimulia maisha yao, na masimulizi hayo yakafika mbele ya umma. Historia, lakini, haimfungii mtu biashara yake; kemia inaweza.

Kwa hiyo sitaki kila mwanafunzi apewe kipaza sauti. Ninachotaka ni kwamba pale matokeo yanapothibitishwa na kipimo cha pili, mwalimu aliyesimamia kazi aende pamoja na mwanafunzi wake mpaka kwenye bustani zilezile, waeleze kwa Kiswahili walichokuta na wasichokijua bado. Kwa sasa alama hutolewa siku ya kutetea, na baada ya hapo mwanafunzi hana sababu wala nauli ya kurudi. Ziara hiyo ikihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, na nauli ikiwekwa kwenye bajeti pamoja na gharama za maabara, mama wa Penga Penga atapata jibu kabla ya msimu mwingine wa kupanda.