Giza Linaloshuka Polepole: Rangi za Hiroshige

Utagawa Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa picha zilizochapwa kwa mbao, anasifiwa sana kwa mistari yake, hasa ile ya mvua. Kwangu mimi uzito wake uko kwenye rangi, na zaidi kwenye namna anavyoiacha rangi ififie.

Itazame picha yake ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ōhashi, ya mwaka 1857, mwaka mmoja kabla hajafariki. Juu kabisa kuna wingu jeusi tii, kisha weusi huo unashuka ukipungua kidogo kidogo mpaka unakuwa kijivu. Chini linakatiza daraja la manjano, watu wamejikunyata ndani ya kofia pana na miavuli. Mto ni wa buluu, umekolea hapa na kupauka pale. Ng'ambo, miti na nyumba zimebaki vivuli tu. Futa mistari yote ya mvua, bado utataka kukimbilia barazani.

Buluu hiyo, iitwayo buluu ya Prussia, ina safari yake. Ilitengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, na ilipopungua bei Japani, kuelekea mwaka 1830, wachoraji wa mandhari waliipokea kwa mikono miwili. Buluu za mimea walizokuwa nazo hazikuwa na nguvu ile, na iliyotokana na maua ilipauka upesi. Hii mpya ilikubali kukozwa na kuzimuliwa, ikabaki safi.

Lakini wino mzuri peke yake haushushi wingu. Kila rangi ilikuwa na ubao wake wa mcheri uliochongwa. Mpiga chapa, si Hiroshige mwenyewe, alipaka rangi iliyochanganywa na maji na gundi ya wali, akalaza juu yake karatasi ya maganda ya mforosadi iliyotiwa unyevu, kisha akasugua mgongoni kwa kibao cha mviringo kilichofungwa gamba la mwanzi. Alama mbili zilizochongwa ukingoni mwa kila ubao ndizo zilizomwonyesha pa kuiweka karatasi. Aliyewahi kununua kanga ambayo rangi ya ua imetoka nje ya mstari wake anajua alama hizo zina thamani gani.

Penye wingu, alilowesha sehemu ya ubao kwa kitambaa ili rangi itambae na kwisha yenyewe. Wajapani huita bokashi. Hakuna mchongo unaomwongoza hapo. Ni mkono wake, na inambidi arudie upya kwa kila karatasi. Kwa hiyo karatasi mbili zilizotoka kwenye mbao zilezile hazilingani kabisa. Ndiyo maana huniuma kusikia chapa ikiitwa nakala tu. Na huniuma zaidi kwamba jina la Hiroshige limo pale, mara nyingi na la mfanyabiashara aliyeitoa, lakini la mpiga chapa kwa kawaida halimo.

Mwaka 1887 mchoraji wa Kiholanzi Vincent van Gogh aliinakili picha ile ya daraja kwa rangi za mafuta. Alimpenda Hiroshige kwelikweli, na mapenzi hayo yanaonekana. Ila rangi yake ni nene na kali, nyayo za brashi zimejaa kila mahali, na ule wepesi wa maji juu ya karatasi umepotea. Mvua yake naiona. Ya Hiroshige inanilowesha.

Picha ninayoirudia kuliko zote, hata hivyo, ni ya zamani zaidi: theluji ya usiku huko Kanbara, katika mfululizo wa vituo vya Tōkaidō, barabara kuu ya zamani ya Japani, ulioanza kutoka mwaka 1833. Karibu yote ni kijivu na weusi, na weupe wa theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila wino. Rangi kidogo iko kwenye nguo za wapita njia watatu, basi. Zipo chapa za aina mbili. Katika moja giza limewekwa juu kabisa angani, katika nyingine limeshushwa mpaka nyuma ya mapaa. Mimi nachagua hiyo ya pili. Giza likiwa karibu hivyo, mapaa yanang'aa, na unahisi kijiji kizima kimeshalala.