Sahani ya Mayai Msibani

Sisi Watanzania tuliohamia Marekani tuna kauli tunaipenda sana: hawa watu hawajui kuishi na wenzao. Milango imefungwa, jina la jirani hulijui, mtu anafariki nyumba ya pili unakuja kusikia baada ya wiki. Nimeisikia kwenye vikao vyetu na kwa ndugu zangu wa nyumbani kwenye simu. Kwa huku South Carolina ninakoishi, siikubali. Ushahidi wangu ni yai.

Ukikaa majimbo ya Kusini, utakutana nalo tu. Iwe Pasaka, iwe Thanksgiving, yaani sikukuu yao ya shukrani, iwe chakula cha pamoja kanisani au mazishi, mezani patakuwa na mayai yaliyochemshwa yakaiva barabara, yakakatwa katikati kwa urefu, kiini kikatolewa na kupondwa kwa mayonezi, haradali, siki kidogo na chumvi, kisha kikarudishwa kwenye shimo lake na kunyunyiziwa paprika, unga wa pilipili nyekundu. Wenyewe wanayaita deviled eggs. Mimi nayaita mayai ya kujazwa. Zipo hadi sahani maalumu zenye vishimo vya nusu yai ili yasiteleze, na mama humwachia binti yake sahani hiyo kama urithi. Ukichelewa kufika umeyakosa. Nyama itabaki, saladi itabaki, keki itabaki, mayai yatakuwa yamekwisha.

Asili yake ni ya mbali kuliko Marekani. Warumi wa kale walizoea kufungua karamu kwa mayai, wakiyala na mchuzi wenye viungo. Lakini yai lililojazwa kiini chake lenyewe linaonekana wazi katika kitabu cha mapishi cha Andalusia, huko Hispania, cha karne ya 13, kilichoandikwa kwa Kiarabu na mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Humo mpishi anaponda kiini na majani ya giligilani, maji ya kitunguu, pilipili manga, mafuta na chumvi, anakijaza kwenye ute, anazirudisha nusu mbili pamoja na kuzifunga kwa kijiti. Mtu wa pwani akisoma mapishi hayo atadhani ni ya jikoni kwa shangazi yake.

Mayonezi ilikuja baadaye sana. Kitabu cha mapishi cha Fannie Farmer wa Boston, cha mwaka 1896, ni kati ya vya kwanza kuitaja kuwa ya kushikanisha kiini, na mwaka 1912 Richard Hellmann wa New York akaanza kuiuza katika chupa. Huku kwetu Kusini, hata hivyo, ukitaja mayonezi unamtaja Eugenia Duke wa Greenville, hapahapa South Carolina. Mwaka 1917 mama huyu alianza kuwauzia askari wa kambi ya Camp Sevier sandwichi alizozipaka mayonezi aliyoitengeneza mwenyewe. Namheshimu sana. Ni mama lishe kama hawa wetu wanaopikia mafundi na makuli, na mpaka leo kuna wapishi huku ambao hawakubali kujaza yai kwa mayonezi isiyo na jina la Duke.

Nyumbani, yai la kuchemsha ni chakula cha barabarani. Jioni kijana anapita stendi na trei mkononi, chumvi kwenye kikopo, kachumbari na pilipili kwenye ndoo ndogo. Anamenya upesi, analipasua, anatia kachumbari, unakula umesimama huku konda anaita abiria. Nairobi wanayaita mayai pasua. Kwa ladha, yai hilo linalishinda la huku, wala sisiti kusema: nyanya na kitunguu vinakatika mdomoni, pilipili inawasha kwelikweli, wakati paprika ya huku mara nyingi ni rangi tu. Ila ni yai la mtu mmoja. Sijamwona mtu Temeke akipeleka sahani ya mayai msibani.

Msibani kwetu kuna sufuria kubwa, na ni hapo ninapoona tunawazidi Wamarekani. Majirani wanahamia kwa mfiwa. Wanawake wanachambua mchele na kumenya vitunguu saumu usiku kucha, wanaume wako chini ya turubai, na mfiwa hapati nafasi ya kubaki peke yake na ukuta. Huku mtu analeta sahani, anakukumbatia, anakaa saa moja, anaondoka. Ikifika usiku nyumba ni kimya, na ukimya ule ni mzito kwa mtu aliyezoea msiba wa Kiswahili.

Lakini angalia mzigo wa kazi unavyobebwa. Huku kila nyumba inaleta kitu kimoja, tena kilichopikwa nyumbani. Dazeni moja ya mayai inatoa vipande 24. Unayatengeneza usiku wa kuamkia mazishi, hayataki kupashwa moto wala kijiko. Nimewaona wanaume wazima wakiingia na mayai waliyoyajaza wenyewe. Machi 2025, mafua ya ndege yalipofikisha bei ya wastani ya dazeni dola 6.23, Pasaka ilikuwa mlangoni, na sahani zilikuja vilevile. Mfiwa hatoi hata senti kwa chakula hicho. Kwetu nimewaona mama zangu wadogo wakitoka msibani migongo inauma, hawakukaa na mfiwa hata kidogo kwa sababu ya moshi na masufuria, na familia ikabaki na deni la chakula na turubai. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini tuliite mila.

Kwa hiyo kwenye misiba yetu ya huku nimekuwa nikisema wazi: tuache kuwabebesha dada wawili pilau ya watu wote katika jiko la fleti. Kila nyumba ilete sahani yake, na wale dada wakae na mfiwa mpaka usiku, tena walale hapohapo.

Sahani yangu ni mayai. Nachukua yaliyokaa kwenye friji wiki moja hivi, maana yai jipya mno ganda lake linang'ang'ania ute. Yakiiva nayatumbukiza kwenye maji ya barafu. Kiini nakiponda na mayonezi kidogo, ndimu, giligilani na pilipili mbuzi iliyokatwakatwa. Naongeza na kachumbari: kitunguu nakiosha kwa chumvi na kukikamua, nyanya natoa mbegu, la sivyo kiini kinachuruzika maji. Nayapeleka hata kanisani kwa Wamarekani, na bibi mmoja wa pale, ambaye amejaza mayai tangu utotoni, ameniomba nimwandikie mapishi yake.