Saa Sitini za Mtafiti Huandikwa Sawa na Arobaini

Sheria ya kazi ya Japani iliyoanza kutumika Aprili 2019 iliwawekea waajiriwa wengi ukomo wa saa za ziada: kwa kawaida 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Walioachwa nje ya ukomo huo ni pamoja na wanaofanya utafiti na uendelezaji wa teknolojia na bidhaa mpya. Kwao, saa za ziada zikizidi 100 kwa mwezi, mwajiri analazimika kuwapeleka waonane na daktari. Korea Kusini nayo ilishusha ukomo wa wiki kutoka saa 68 hadi 52 mwaka 2018, na tangu hapo kampuni za semikondakta, yaani watengenezaji wa chipu za kompyuta, zimekuwa zikiomba watafiti wao waondolewe kwenye sheria hiyo. Machi 2025 serikali iliwakubalia kidogo: kibali maalumu cha kufanya kazi hadi saa 64 kwa wiki kikarefushwa kwa watafiti wa semikondakta kutoka miezi 3 hadi 6.

Hoja ya wanaotaka watafiti wafunguliwe kamba si ya kupuuzwa. Seli zinazokuzwa maabara hazijui Jumapili. Mchoro wa chipu ukishapelekwa kiwandani, kosa lililobaki ndani yake hugharimu miezi, kwa hiyo wiki za mwisho kabla ya kuukabidhi lazima ziwe ndefu. Watafiti wengi wanaipenda kazi yao na hukaa hadi usiku bila kusukumwa na mtu. Zaidi ya hapo, Korea Kusini hutumia takriban asilimia 5 ya pato lake kwenye utafiti na maendeleo, kiwango kinachoizidi karibu kila nchi isipokuwa Israeli, ilhali wananchi wake hujipa alama za kuridhika na maisha zilizo chini ya wastani wa nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Anayesema kwamba watafiti wenye furaha ndio huleta taifa tajiri ana kazi ya kuieleza Korea. Ukilinganisha nchi kwa nchi, uhusiano huo hauonekani kirahisi, na kuudai kwa nguvu ni kumpa mpinzani ushindi wa bure.

Lakini faida ya saa hizo za ziada inapimwa kwa kipimo kisichoziona. Takwimu za utafiti katika nchi nyingi hufuata Mwongozo wa Frascati, ambao OECD ilianza kuutoa 1963 na ambao toleo lake la saba ni la 2015. Mwongozo huo hauhesabu vichwa peke yake. Hupima pia miaka-kazi, yaani kazi ya utafiti ya mtu mmoja wa muda wote kwa mwaka mzima. Mhadhiri anayetumia theluthi ya muda wake kwenye utafiti huandikwa theluthi ya mwaka-kazi, na hapo hakuna ubishi. Juu, hata hivyo, kuna kifuniko: mtu mmoja hawezi kuzidi 1. Afanye saa 38 kwa wiki au 65, ataandikwa 1. Sababu inaeleweka, kwani bila kifuniko hicho kila taasisi ingejiongezea watafiti wa karatasini. Yanayofuata baada ya hapo ndiyo hayajadiliwi.

Tuchukue maabara ya kubuni yenye watafiti 40 wanaofanya saa 45 kwa wiki: jumla ni saa 1,800. Mradi unawabana, wanapanda hadi saa 60: jumla saa 2,400, ongezeko la theluthi nzima. Tuseme matokeo, yawe hataza, makala au moduli zilizokamilika, yanaongezeka kwa asilimia 15. Kwenye jedwali la wizara, miaka-kazi ilikuwa 40 na imebaki 40, kwa hiyo tija ya kila mtafiti imepanda kwa asilimia 15 na mkurugenzi anapongezwa. Gawanya kwa saa, na tija imeshuka kwa karibu asilimia 14. Kihesabu majibu yote mawili ni sahihi. Linalofika kwenye meza ya mtunga sera ni la kwanza.

Mwaka wa pili au wa tatu deni linaanza kulipwa, na jedwali halilioni vilevile. Watafiti sita wakiondoka na sita wengine wakaajiriwa, idadi ni 40 kama kawaida. Wameondoka na vitu ambavyo havikuandikwa popote: ni shehena ipi ya kemikali ilikuwa ikileta majibu ya ajabu, kwa nini kipimo fulani kiliwekwa pale kilipowekwa, njia zipi zilishajaribiwa zikafeli. Mgeni huhitaji miezi kadhaa kujifunza kuendesha mtambo, na muda mrefu zaidi kujua ni lini asiuamini. Miaka-kazi 40 ya mwaka juzi si miaka-kazi 40 ya leo, ingawa zimeandikwa kwa tarakimu zilezile. Na aliyebaki kazini akiwa amechoka kiasi cha kukaa mbele ya kompyuta bila kufanya la maana, naye ni 1.

Hilo lingekuwa suala la wahasibu tu kama mataifa yangekuwa na watafiti wa kumwaga. Tangu Paul Romer achapishe nadharia yake ya 1990, ile iliyochangia kumpa Nobeli mwaka 2018, wachumi wengi huueleza ukuaji wa muda mrefu kwa sehemu mbili zinazozidishwa: watafiti ni wangapi, na kila mmoja anazalisha mawazo mapya kwa kasi gani. Mwaka 2020 Nicholas Bloom, Charles Jones, John Van Reenen na Michael Webb walipima sehemu hiyo ya pili. Kudumisha kasi ya kuongezeka maradufu kwa transista, zile swichi ndogo za umeme, kwenye chipu kila baada ya miaka miwili hivi kunahitaji watafiti zaidi ya mara 18 ya waliohitajika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa uchumi wa Marekani kwa ujumla, tija ya utafiti imekuwa ikipungua kwa nusu takriban kila miaka 13.

Takwimu hiyo ya miaka 13 husomwa haraka mno. Maana yake ni kwamba uchumi unaotaka kubaki na kasi ileile ya ukuaji unatakiwa kuongeza juhudi za utafiti maradufu kila miaka 13. Safari ya mtu mmoja kutoka darasa la kwanza hadi shahada ya uzamivu huchukua miaka 20 na zaidi. Kwa maneno mengine, idadi inatakiwa kuwa mara mbili kabla hata kizazi kimoja cha watafiti hakijaiva. Kumwaga fedha nako kuna mipaka yake. Austan Goolsbee alionyesha mwaka 1998 kwamba sehemu kubwa ya fedha mpya za utafiti huishia kupandisha mishahara ya wanasayansi na wahandisi waliopo, kwa kuwa idadi yao haiongezeki upesi. Alikadiria kwamba kwa kutolizingatia hilo, makadirio ya kawaida ya manufaa ya sera za utafiti yanaweza kuzidishwa kwa asilimia 30 hadi 50. Umoja wa Ulaya una lengo la asilimia 3 ya pato, Umoja wa Afrika asilimia 1. Yote mawili ni malengo ya fedha, na hayasemi lolote kuhusu nani atabaki maabara mwaka wa tano.

Haitakuwa haki kudai kwamba tija imeshuka kwa sababu watu wamechoka. Pengine chanzo kikubwa ni kwamba yaliyo rahisi yameshagunduliwa. Ila kadiri saa ya mtafiti inavyozidi kuwa adimu, ndivyo kuipoteza kunavyozidi kuwa ghali, na kurefusha saa ni mojawapo ya njia za kuipoteza. John Pencavel, katika uchambuzi alioutoa 2014, alirudi kwenye kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya zana za kivita Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi saa 49 hivi kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilileta mazao yake kamili. Baada ya hapo kila saa ilileta pungufu ya iliyotangulia, na aliyefanya saa 70 hakumzidi sana aliyefanya 56.

Mtu atasema kombora si wazo. Kweli, na tofauti hiyo inazidi kuielemea hoja ya saa ndefu. Kiwandani kasoro huonekana jioni ileile. Maabara, mtu aliyechoka haachi kufanya kazi. Anaacha vitu vidogo. Anaruka sampuli ya ulinganisho inayopaswa kutoa jibu hasi. Hasawazishi kifaa kabla ya kupima. Anajaza daftari la maabara Ijumaa kwa kukumbuka badala ya kuandika siku ileile. Kwenye programu, anaunganisha moduli kabla ya kuijaribu peke yake. Kosa linaingia kwenye data kimya kimya, wengine wanajenga juu yake, na miaka miwili baadaye timu nyingine inashindwa kuyarudia matokeo. Gharama hiyo haiandikwi kwenye mradi uliolizaa kosa.

Watetezi wa ustawi nao wana udhaifu wao. Wanapenda kutaja utafiti wa 2018 uliosema wanafunzi wa uzamili na uzamivu wana uwezekano zaidi ya mara sita wa kuwa na sonona na wasiwasi uliopitiliza kuliko watu wa kawaida. Waliojibu, 2,279 kutoka nchi 26, walipatikana kupitia barua pepe na mitandao ya kijamii, na mwenye tatizo ndiye mwepesi wa kujaza dodoso la namna hiyo. Jaribio la Andrew Oswald na wenzake lililokuta furaha ikiongeza tija kwa takriban asilimia 12 lilipima watu wakijumlisha namba za tarakimu mbili kwa dakika 10. Hiyo ni kazi halisi, lakini si ugunduzi.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Katia Levecque na wenzake, 2017, juu ya wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders, Ubelgiji. Asilimia 32 walikuwa kwenye hatari ya tatizo la afya ya akili, kiwango kilichozidi kile cha makundi ya watu wenye elimu ya juu waliolinganishwa nao. Sababu zilizojitokeza ni kazi kugongana na familia, mzigo wa kazi, kukosa sauti juu ya kazi yenyewe, na namna msimamizi anavyoongoza. Orodha hiyo yote iko mikononi mwa menejimenti.

Kuhusu ugunduzi wenyewe, kazi ya Pierre Azoulay, Joshua Graff Zivin na Gustavo Manso ya 2011 ndiyo inayostahili kusomwa kwanza. Walilinganisha wanasayansi wanaofadhiliwa na Howard Hughes Medical Institute, taasisi ya hisani ya Marekani iliyokuwa ikimfadhili mtu kwa miaka mitano mitano na kumvumilia akishindwa mwanzoni, na wenzao wa sifa zinazofanana waliotegemea ruzuku za taasisi za afya za serikali ya Marekani (NIH), ruzuku ambazo ni fupi na zimefungwa kwenye mradi ulioandikwa. Wa kwanza walitoa makala nyingi zaidi zenye athari kubwa. Walitoa pia nyingi zaidi zilizoanguka kabisa. Mpinzani atauliza: je, mtu akilala usingizi kwa fedha hizo? Ndiyo maana mwishoni mwa kipindi kuna mapitio makali, na asiyeongezewa hupewa muda wa kufunga maabara badala ya kukatiwa ghafla. Ustawi wa mtafiti kwa kiasi kikubwa ni hicho: kujua kwamba jaribio lililofeli mwezi huu halitamtoa kazini mwaka ujao. Kwenye mfumo wa NIH, wastani wa umri wa kupata ruzuku kubwa ya kwanza ulipanda kutoka miaka 36 hivi mwaka 1980 hadi zaidi ya 40, na kabla ya hapo wengi huishi kwa mikataba ya muda.

Yoga ya saa saba mchana haitibu hayo. William Fleming alichambua 2024 majibu ya wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza, na waliokuwa wakishiriki mafunzo ya ustahimilivu, programu za kupunguza msongo na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kazi za kujitolea ndizo pekee zilizoonyesha tofauti kidogo.

Taasisi inayotaka kujua hali yake inaweza kuanza na karatasi tatu. Ya kwanza ni saa halisi kwa wiki, zilizoandikwa kando ya miaka-kazi na kupigiwa wastani wa wiki 12, ili wiki ya kukabidhi mradi isionekane kosa na miezi sita ya saa 60 isijifiche. Ya pili ni dodoso la afya ya akili la GHQ-12, lile lililotumika Flanders: maswali 12, alama 4 na kuendelea zikihesabiwa hatari, lijazwe mara mbili kwa mwaka, na kundi lenye watu chini ya 10 lisitolewe peke yake, la sivyo watu watadanganya kwa kuogopa kujulikana. Ya tatu ni idadi ya walioondoka ndani ya miezi 24, ikigawanywa kwa msimamizi. Hiyo ya tatu ndiyo hukataliwa kwanza.

Na uwiano wa mafundi sanifu kwa watafiti utazamwe kabla ya kuomba saa za ziada. Mtafiti mwenye uzamivu anayeosha vyombo na kufuatilia oda za vipuri usiku anaandikwa mwaka-kazi wa utafiti, lakini kazi hiyo si utafiti.

Msamaha wa saa kwa watafiti unaweza kuwa na nafasi yake: kwa mradi uliotajwa, kwa wiki zilizohesabiwa, na mapumziko ya saa zilezile baadaye. Kibali cha Korea angalau kina tarehe ya mwisho. Ule wa Japani umebaki kumtegemea daktari, ambaye huulizia uchovu na hali ya afya baada ya saa za ziada 100. Daftari la maabara la mwezi huo halimo katika anavyotakiwa kukagua.